Mwenye Blogu wa Mbinga na Usipa wa Liuli

Shemeji yangu anayeishi Mbinga alinipigia simu asubuhi, nikiwa natafuta viatu vyangu chini ya kitanda, kuniambia kwamba yule bwana wa duka la fotokopi amefariki. Figo zilikuwa zimemsumbua kwa muda, na watu wa karibu walikuwa wakiitarajia habari hiyo bila kuitamka. Msiba uko kwao Namswea, akasema, na mazishi ni kesho. Nilikaa kitandani na kiatu kimoja mkononi. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba huwa sitaji majina ya marehemu wangu, na huyu sitamtaja pia. Safari hii ninayo sababu nyingine: jina lake alilitangaza mwenyewe, kwa jambo ambalo wengi wetu tungelipa ili lisijulikane, na nisingependa kumnyang'anya kazi aliyoifanya vizuri kuliko mimi.

Tulifahamiana nilipokuwa nikipita Mbinga kutafuta habari za kahawa. Ujana wake wote aliutumia kwenye chama cha ushirika, akipima kahawa za wakulima na kuwaandikia stakabadhi. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi walipanda hadi vijijini na mizani yao, ushirika ukayumba, na yeye akarudi nyumbani na koti la kazini ambalo hakuna aliyemwomba alirudishe. Hakulalamika sana. Alifungua duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi, na intaneti ilipofika mjini akanunua kompyuta iliyotumika, akaanza kuandika blogu ya habari za Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa. Aliniambia kwamba kama kahawa imeachiwa huru, basi habari nazo zimeachiwa huru, na yeye hatasubiri gazeti la Dar es Salaam limkumbuke.

Mwanzoni hakusomwa na mtu. Kosa lake, alikuja kugundua, lilikuwa kupenda Kiswahili kizuri. Makala yake ya kwanza kuhusu kuporomoka kwa bei ya kahawa aliipa kichwa "Machozi ya Mlimani," akakaa kuwasubiri wasomaji kama mama ntilie aliyepika pilau siku ya mfungo. Hakuja mtu. Alipohudhuria semina moja ya siku chache kule Songea, mwezeshaji akamweleza kwamba injini ya kutafutia habari kwenye intaneti haijui machozi wala mlima. Inajua maneno ambayo mtu mwenye shida anayaandika kwenye simu yake. Alirudi akabadilisha kichwa kikawa "Bei ya kahawa Mbinga wiki hii," na kabla wiki yenyewe haijaisha wakulima wa Kigonsera walikuwa wakimsimamisha njiani kubishana naye juu ya bei. Tangu hapo akawa mwanafunzi wa jambo hilo moja. Kila nilipopita dukani alinieleza, kalamu ikiwa sikioni: kichwa kibebe maneno yanayotafutwa, anwani ya ukurasa iwe fupi na ibebe maneno hayohayo, aya ya kwanza isizunguke, picha ipewe jina badala ya kuachiwa namba za kamera, ukurasa mmoja uelekeze kwenye mwingine, na vyote vifunguke haraka hata kwenye simu duni iliyoko kwenye mtandao wa kusuasua. Picha zake za mashimo ya ngolo, yale Wamatengo wanayolimia kwenye miteremko, zilipewa majina sawasawa, na wanafunzi wa vyuo vya mbali wakamwandikia kumshukuru. Alikuwa na haki ya kujivuna, na alijivuna.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Familia moja ya pembezoni mwa mji iliugua ghafla baada ya chakula cha mchana. Walikuwa wamekula ugali na usipa, wale samaki wadogo wa ziwani ambao huku juu tunawanunua wakiwa wakavu. Hakufa mtu, ila walilazwa, na kabla hawajatoka wodini soko zima lilikuwa limeshatoa hukumu: usipa wamevuliwa kwa sumu. Nani aliwauza? Mama mmoja wa Liuli, aliyekuwa akipandisha magunia Mbinga tangu watoto wake wakiwa wadogo. Marehemu alimfahamu. Mkewe alinunua kwake. Hata hivyo alirudi dukani na maneno ya sokoni yakiwa bado moto, akaandika. Kwenye kichwa aliweka kila kitu alichofundishwa: jina la mama yule kamili, kijiji chake, neno usipa, neno sumu, neno Mbinga. Aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kutunga kichwa kilichokaa vizuri namna ile, na aliposema hivyo alikuwa akitazama sakafu.

Ukurasa ule ulipanda kuliko kurasa zake zote. Blogu za Songea, Njombe na Dar es Salaam ziliunakili neno kwa neno. Siku chache baadaye bwana afya akaeleza kwamba usipa hawakuwa na tatizo lolote. Mahindi ya familia ile yalikuwa yamechanganywa na dawa ya wadudu isiyoruhusiwa kwenye chakula, na walisaga bila kujua. Marehemu alilisikia hilo na hakulificha. Alifungua ukurasa wake, akashuka hadi chini kabisa, akaongeza mistari miwili: taarifa mpya, samaki hawahusiki. Kichwa hakukigusa. Alijua kwamba akikibadilisha, pamoja na anwani yake, injini ingeuona ukurasa kama mgeni na ungepoteza nafasi ya juu. Mlango ule ndio uliokuwa ukiwaingiza watu kwenye blogu yake. Akajiambia kwamba msomaji makini atasoma hadi mwisho.

Mama wa Liuli hakuwa na habari. Aliona tu kwamba wanunuzi wa Songea waliozoea kumwagiza kwa simu wamekuwa na udhuru. Huyu ana msiba, yule gari limeharibika. Magunia yakaanza kukaa hadi usipa wakaingiwa na wadudu. Mwishowe mteja mmoja wa zamani akamwonea huruma, akamwambia, "Mama, jina lako limekaa vibaya kwenye simu." Ndipo alipopanda gari kuja Mbinga.

Alimkuta dukani na wateja wawili wakisubiri fotokopi. Marehemu alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, akaulizia mke na watoto, akakaa kwenye benchi. Hakupandisha sauti. Alimwomba tu atafute jina lake kama ambavyo mtu mwingine angelitafuta. Akaandika, na ukurasa ukaja, wa kwanza, juu ya vyote. Mama akasema asomewe kichwa. Marehemu alikisoma mbele ya wateja wale, kisha akaharakisha kushuka chini amwonyeshe ile mistari miwili.

"Haya ya chini, nani atayafikia?" mama akauliza.

"Wanaosoma hadi mwisho, mama."

"Na wewe uliponisikia sokoni, mwanangu, ulisikiliza hadi mwisho?"

Aliniambia kwamba aliomba moyoni umeme ukatike, na umeme, ambao Mbinga wakati ule ulikuwa ukikatika bila kuombwa, siku hiyo haukukatika. Mama akaaga, akaenda zake stendi. Wateja wale wawili walichukua karatasi zao bila kumtazama.

Aliufuta ukurasa kabla hajafunga duka. Hapo ndipo alipojua ukubwa wa alichokifanya, kwa maana alipolitafuta jina tena, kurasa za wale walionakili zilikuwa zimejipanga, na kichwa chake kimekaa kwenye kila mmoja. Aliwapigia simu mmoja mmoja. Wapo walioufuta kwa kumwonea haya, wapo waliomuuliza atawapa nini, na wapo ambao simu zao hazikupokelewa hata mara moja. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakuwahi kuiona njia hii, ambayo kila apitaye huirefusha. Tulipoifungulia milango biashara ya kahawa, tulijifunza kwa uchungu kwamba mwenye mizani yake anaweza kupima atakavyo. Habari nazo tulizifungulia milango, na kila mmoja wetu sasa ana mizani mfukoni. Sikumbuki kuona mahali popote ambapo mizani hizo hukaguliwa. Nami ni mmoja wa waliokisoma kichwa kile wakaacha kununua usipa, bila kufungua kilichoandikwa ndani.

Marehemu akateremka Liuli. Alikuwa na mpango, na aliutandika mbele ya mama yule kwa bidii ya fundi: amwandikie ukurasa mpya, wenye jina lake, picha zake akianika usipa kwenye vichanja, maelezo ya usafi wa kazi yake, na kwa ujuzi alionao ukurasa huo ungepanda juu ya nakala zote. Mama alimsikiliza akiwa anamenya mihogo, akamkaribisha chakula, na alipomaliza kula akamjibu.

"Jina langu umelichosha. Liache lipumzike. Andika lako."

Marehemu alidhani ni hasira na ingepoa. Akangoja kidogo, akarudia ombi. Mama akarudia jibu lilelile, bila hasira yoyote. Akarudi Mbinga, na kwa juma zima, mkewe anasema, hakugusa kompyuta ila kwa kazi za wateja.

Kisha akaandika. Kichwa kilianza na jina lake mwenyewe, majina yote matatu, likafuatiwa na neno alikosea, halafu usipa, halafu Liuli, halafu Mbinga. Jina la mama halimo popote. Anwani ya ukurasa ilibeba maneno hayohayo. Picha ilikuwa ya uso wake, nayo ameipa jina lake. Aya ya kwanza haikuzunguka: nilimzushia mtu kosa, nikajua ukweli, nikauficha chini kwa sababu uongo ulikuwa ukiniletea wasomaji. Aliwaomba wenye blogu waliomnakili waelekeze kwenye ukurasa huo, na hapo hakukuwa na wa kukataa, maana mtu anayejivua nguo hadharani hupata watazamaji upesi. Ukurasa ukapanda. Anayetafuta usipa wa Liuli akawa anakutana kwanza na kosa la mwenye blogu, na nakala za zamani zikasukumwa chini ambako wachache hufika. Wateja kadhaa wa mama walirudi. Wengine walikuwa wameshazoea wauzaji wengine, na hao hawakurudi hata leo.

Alilipia. Shirika moja lililotaka mtu wa kulitengenezea blogu lilimwita kwenye usaili, likamsifu, kisha likanyamaza, na alipouliza akaambiwa kwa upole kwamba walikuwa wamelitafuta jina lake. Kwenye jumuiya ya kanisani, wanawake walimuuliza mkewe kama ni kweli mumewe ndiye yule. Mwanawe wa sekondari alirudi likizo na jina la utani, Usipa. Niliwahi kumshauri apunguze makali, aondoe japo picha. Alinijibu kwamba uso wa mama yule ulipofedheheka haukupunguzwa chochote. Sikumshauri tena.

Namswea tulimzika mchana, mvua ikitishia juu ya migomba. Baada ya kutawanyika kwa watu, kaka yake aliniita kando pamoja na mjane. Aliona haya kulisema, akazunguka, kisha akalitoa: mimi mtu wa magazeti, niwasaidie kuufuta ukurasa ule, mdogo wake alale na jina safi, na watoto nao wapumzike. Nilikuwa tayari kumkubalia. Ni mjane aliyekataa. Alisema hakuna aliyeuchukia ukurasa ule kuliko yeye, na alimwomba marehemu aufute hadi wakawahi kulala bila kusemezana.

"Lakini aliniambia zile nakala bado zipo," akasema. "Huu ukiondoka, jina la juu linakuwa la yule mama."

Mjane akaendelea kusema kwamba marehemu alikuwa akiurudia ukurasa huo mara kwa mara, akiongeza mstari, akirekebisha viungo vya kurasa nyingine vilivyokufa, kwa sababu ukurasa usiotunzwa huzama. Kisha akanitazama, na nikaona jinsi alivyokuwa akijilazimisha.

"Mimi najua kutoa fotokopi tu," akaniambia. "Nionyeshe unavyotunzwa."

Tulikaa siku mbili mbele ya kompyuta ile iliyotumika, mjane wa wiki ile na mimi, nikimwelekeza namna ya kuidumisha aibu ya mumewe mahali pa juu. Nimefundisha waandishi wengi chipukizi na sikumbuki somo lililonifanya nione haya namna ile, kwa kuwa kila hatua niliyomwonyesha nilijiuliza ni mara ngapi gazeti, na kalamu hii pia, limemtangaza mtu ukurasa wa mbele na kumtaka radhi ukurasa wa ndani, chini ya matangazo ya minada. Hatuwezi kuahidi kwamba hatutakosea, kwa sababu habari zitaendelea kuja zikiwa moto na sokoni watu wataendelea kuhukumu. Tunaloweza ni kuchagua mahali pa kusimama tunapojirudi. Aliyemvunjia mtu heshima kwenye kichwa cha habari asimwombe msamaha miguuni pa ukurasa.