Mgonjwa wa Kwenye Kompyuta

Kabla ya kugusa kompyuta ya darasani, sista wa wadi ya kujifungua husugua viganja vyake vipate joto, vile afanyavyo kabla ya kushika tumbo la mjamzito. Masomo ya kumpandisha cheo siku hizi yako kwenye kompyuta, na mgonjwa wake ni mama wa kuchorwa, anayevuja damu baada ya kuzaa. "Pole, mami, nakufinya kidogo tu," humwambia kila anapobonyeza mausi, na wenzake wameshachoka kumcheka.

Leo stima imepotea mama huyo akiendelea kuvuja. Darasa zima limeenda chai. Yeye amebaki, mkono juu ya mausi, akitazama kioo cheusi. Mwezi wa kwanza mwaka huu, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, barabara za Nakuru zilipofungwa kwa mawe na matairi yanayowaka, akina mama walimfikia wakiwa wamechelewa, wengine wakamfia mikononi, na tangu hapo hapendi kutoka kando ya kitanda. Stima inarudi. Somo linaanza upya, na yule mama yuko kitandani, hajapoteza hata tone.

"Sista, chai inapoa," Sue, mwanafunzi mwenzake, anamwita kutoka mlangoni. "Si huyo ni wa kompyuta tu?"

"Najua," anasema, akisugua viganja tena. "Lakini huyu amerudi."