Bakuli Lililorudi na Michembe

Renatha Mutayoba alihamia Buswelu peke yake. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ua wa minyaa tu. Ni Mhaya, hakimu wa mahakama ya mwanzo. Wageni hakuwa nao. Jioni nilimwona barazani na redio yake, nikamwonea huruma, nikampelekea bakuli la michembe ya karanga, vile viazi vitamu vikavu tunavyopika sisi Wasukuma.

"Mama Yeremia, utanisahaulisha ndizi!"

"Sahau tu. Ndizi hazimshibishi mtu anayelima."

"Mimi nalima wapi? Nalima makaratasi."

Bakuli langu halikurudi tupu. Mara lilikuja na kahawa, mara na senene, wale panzi wa kukaanga wa kwao. Tukawa ndugu.

Kisha mwanangu Yeremia akakamatwa. Maige, wa nyumba za nyuma, alidai ameibiwa betri ya pikipiki na kijana wangu. Kesi ikapangwa kwa Renatha. Nilimshukuru Mungu. Nikapika michembe mingi kuliko siku zote, nikapeleka. Alifungua mlango nusu.

"Rudi nayo, Mama Yeremia. Tafadhali."

Nilirudi na bakuli likiwa bado la moto.

Mahakamani, kesi ilipotajwa, Renatha alimtazama Maige, si mimi. "Mama wa mshtakiwa ni jirani yangu. Tumekula pamoja. Najitoa. Hakimu mwingine atasikiliza."

Niliona amenikana mbele za watu.

Huyo mwingine hakunijua wala hakumjua Maige. Shahidi alikiri kwamba hakuuona uso wa mwizi, na Yeremia akaachiwa. Nje, Maige alinisogelea. Nikajiandaa kutukanwa.

"Angeamua yule jirani yako, ningetangaza mpaka Usagara kwamba mmemlisha. Sasa nitangaze nini?" Akasonya, akaondoka.

Jioni ile nilipika michembe ya kumshukuru Renatha. Nilipofika kwenye minyaa, nikamwona mke wa Maige njiani, amesimama na ndoo yake, ananitazama. Nikafikiri: nikivuka, kesho watasema haya ndiyo malipo. Na atakayepelekwa mbele ya Renatha baada yetu, nani atamwamini hakimu wake?

Nikarudi ndani.

Sasa Yeremia amekwenda kutafuta kazi Kamanga, nami nakula peke yangu. Ng'ambo ya ua redio inalia. Zikipigwa nyimbo za Kisukuma, Renatha huongeza sauti. Sijui kama ni kwa ajili yangu. Siendi kuuliza.