Moto wa Jiko Langu

Niliishia darasa la saba, kwa hiyo sina uhakika kama naandika inavyotakiwa. Naandika nilichokiona kwetu Mlali.

Asubuhi ile niliwasha jiko kama kawaida. Ni jiko la udongo wa kichuguu nililolifinyanga mwenyewe, matundu mawili, mdomo mmoja. Unafukua makaa ya jana kwenye majivu, unaweka mabua ya mtama, kisha vijiti, ila hushindilii, moto unataka kupumua. Kuni kubwa zinafuata, unazisukuma kadiri zinavyoungua.

Nasieku alikuja na gae lake la chungu kuomba moto. Alikuwa mke wa mfugaji, boma lao lilikuwa ng'ambo ya korongo. Mara nyingine aliniachia maziwa. Siku hiyo tulicheka, sikumbuki tena tulichokicheka.

Ugomvi ulikuwepo tayari. Ng'ombe wao walikula mtama wetu, kweli. Na sisi tulikuwa tumelima njia ya ng'ombe, hiyo nayo ni kweli. Adhuhuri, Daudi alichomwa mkuki shambani, akafa. Alikuwa mdogo wake Yona, binamu wa mume wangu.

Jioni Yona akaja na wenzake, kashika mwenge wa nyasi.

“Shemeji, naomba moto.”

Maneno yaleyale ya Nasieku.

Nilisimama mbele ya jiko. Mama mkwe akasema kutoka kitandani, “Mpishe. Tangu lini nyumba hii ikamnyima mtu moto?”

Nilichukua sufuria ya maji nikamwaga yote mdomoni mwa jiko. Lilipasuka.

Yona hakunigusa. Alicheka kidogo. “Unadhani kijiji kizima kina jiko moja?”

Nyumba ya pili walimpa.

Nikaona moshi ng'ambo ya korongo.

Nasieku alikuwa ameshakimbia na watoto. Baba mkwe wake alikuwa hawezi kutembea. Alibaki ndani.

Hakutoka.

Yona husema walipiga kelele kwanza, waliomo ndani watoke. Sitamsingizia, kelele nilizisikia mimi mwenyewe. Lakini yule mzee alikuwa kiziwi, na Yona alijua. Miaka yote alimuuzia mahindi, wakapatana bei kwa vidole. Hapo ndipo hasira yangu inapokaa, na sijaweza kuihamisha.

Nasieku hakurudi tena. Nasikia yuko upande wa Kiteto, sina hakika.

Jiko nililiziba kwa udongo, lakini ule ufa bado unavujisha moshi, macho yananiwasha kila siku. Mama mkwe ameshafariki. Yona bado ni jirani.

Juzi asubuhi alikuja na gae mkononi. Mvua ilikuwa imezima moto kwake. “Shemeji, naomba moto.” Kama vile hakuna kitu.

Nikamwambia, “Piga kelele kwanza, Yona. Waliomo ndani watoke.”

Kisha akaliweka gae chini taratibu, akaondoka.

Sijui kama nilitenda haki. Naye alizika mdogo wake, na aliyemchoma Daudi hajakamatwa mpaka leo. Lakini yule mzee hakumchoma mtu.

Baadaye nikawasikia watoto wa Yona wakililia uji. Hao hawakuchoma boma la mtu. Nikachota makaa, nikayatia kwenye gae la baba yao, nikayapeleka hadi mlangoni kwake. Niliyaweka chini, nikageuka. Hodi sikupiga.