Pole Zilizotupwa Takani

Nilipomaliza kozi ya kompyuta ya jioni pale Nyeri, nilijiona mtu wa kuhamisha Mlima Kenya kwa kubofya mara mbili. Chama cha wapagazi wa Naro Moru, wale wanaowabebea watalii mizigo mlimani, kikanipa kazi ya kukitengenezea tovuti. Mambo yalikwenda vizuri hadi tukafika kwa sanduku la maoni, pale wasomaji wanapoandika. Njia ni mbili. Unaweza kuazima sanduku la kampuni ya ng'ambo, linalojichujia lenyewe taka, yaani matangazo na ujumbe wa matapeli, ila maoni yanakaa kwao. Au unajenga lako, maoni yanakaa kwako, na taka pia.

Mimi nilitaka letu.

"Na hiyo yetu nani atachunga?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi, mzee."

"Wewe? Wewe hulala hata kwa mkutano, ukisoma ripoti yako mwenyewe."

Tukaazima.

Kisha akafariki mpagazi mmoja mzee, aliyepanda ule mlima mara nyingi kuliko mawingu. Tukaweka picha yake kwenye tovuti, watu waandike rambirambi chini yake. Siku ya tatu binti yake akanipigia simu.

"Fundi, mama anataka nimsomee vile watu wameandika. Naona moja tu. Ati inauza viazi."

Nikafungua. Kweli, viazi, tena kwa gunia.

Nikaingia upande wa nyuma, kwenye folda ya taka. Ilikuwa imejaa karibu imwagike mezani. Huku kwetu msiba hautungiwi maneno mapya. Wa kwanza aliandika, "Pole sana kwa familia, Mungu awape nguvu," na waliofuata wakanakili hadi nukta, kwa heshima. Mtambo wa ng'ambo ukaona sentensi moja kutoka simu themanini na sita, ukaamua hao ni matapeli. Muuza viazi peke yake ndiye aliyekuwa na jambo jipya.

Nikaziokoa pole hizo moja moja, nikazichapisha kwenye karatasi, nikazipeleka mwenyewe hadi nyumbani kwa marehemu. Binti akaanza kumsomea mama yake: jina na pole, jina na pole. Kufika ya sita akachoka.

"Na hawa wengine, mama, wamesema tu hivyo hivyo."

"Akina nani?"

"Ni wengi. Lakini ni kitu moja."

"Si kitu moja. Huyo umesoma saa hii alishusha baba yako mlimani kwa mgongo, siku ile alivunjika mguu. Endelea."

Akaendelea. Zote themanini na sita, mama akiitikia kila jina kwa kichwa. Chai yangu ilipoa ikakaribia barafu ya kileleni, na sikuthubutu kuigusa.

Wiki hiyo niling'oa sanduku la kuazima nikajenga letu. Safari hii mwenyekiti akakubali. Siku hizi kila asubuhi nasoma maoni yote kwa macho yangu haya. Wauza dawa za kuotesha nywele nawafukuza. Pole zikija zinafanana, naangalia jina, napitisha.