Siku Niliyoondoka Zamu na Gari la Maiti

Jamani, hii habari nimeificha vya kutosha, na kwa kuwa wapo watu hapa Mwanga, Kigoma, ambao bado wanaisimulia wanavyotaka wao (mara nilitoroka na dereva, mara nilikuwa nimelewa, mimi ambaye hata soda ikizidi gesi inanitoa machozi), afadhali niiseme mwenyewe kwa mdomo wangu. Ndiyo, mimi ndiye yule nesi aliyeondoka kazini mchana kweupe, na gauni jeupe na kofia kichwani, ndani ya gari la maiti, bila kumuaga mtu. Mkitaka kucheka chekeni, ila mnisikilize mpaka mwisho.

Ilikuwa ile miaka Warundi walipokuwa wanaingia Kigoma kwa makundi, wengine kwa miguu kupitia milimani, wengine kwa mitumbwi ziwani, wanapelekwa makambini, na wale ambao ugonjwa umewazidi wanaletwa kwetu hospitali ya mjini. Wodi ilijaa mpaka chini ya vitanda. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni si muda, mtoto wa Kalinzi, Muha wa kahawa na maharage, na kichwani nimejazwa neno ambalo Matron Agripina alilirudia kila asubuhi kama sala: "Muuguzi halii mbele ya ndugu. Ukilia wewe, wao watamshika nani?" Nikajiapiza kwamba mimi sitalia hata iweje, nitakuwa nesi wa kuonyeshwa mfano, na nilikuwa na bidii hiyo mpaka wenzangu wakawa wananicheka natembea kama niko kwenye gwaride.

Kulikuwa na mgonjwa mmoja, Mwalimu Gaspari, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwao Burundi, ameletwa kutoka kambini mapafu yamejaa maji. Mkewe, Mama Konsolata, alikuwa analala sakafuni pembeni ya kitanda chake, mwanamke mwembamba, kimya, asubuhi anatandika kitanda cha mumewe kabla sijafika na shuka langu. Kirundi chake na Kiha changu vilielewana bila taabu, kwa hiyo tulikuwa tunazungumza, mambo ya watoto, mambo ya kupika, na wakati mwingine Mwalimu mwenyewe akiwa na pumzi ananisahihisha sarufi. Sarufi ya Kiha changu mwenyewe!

Mwalimu akafariki asubuhi moja nikiwa zamu. Nilifanya kila kitu kama nilivyofundishwa, nikamfunika, nikavuta pazia, nikaketi na mama nikamwambia kwa maneno yanayoeleweka, sikuzungusha. Hakulia. Alinishika mkono tu. Na akaendelea kuushika, tukipokea jeneza, shemeji yake Zakaria akitia sahihi, tukitoka nje kwenye jua ambako gari la shirika linalohudumia kambi lilikuwa linasubiri, ile Landkruza ndefu yenye mabenchi nyuma.

Sasa hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Mama Konsolata alipanda garini mkono wangu ukiwa bado ndani ya mkono wake. Ningeweza kuuchomoa. Nikawaza, hapana, kumchomolea mtu mkono namna ile ni kama kumsukuma, ngoja nipande nimkalishe vizuri halafu nishuke. Nikapanda. Nikamkalisha. Na dereva, ambaye alikuwa na haraka ya kufika kabla mvua haijaharibu barabara, akaona gauni jeupe limeingia, akadhani hospitali imetoa msindikizaji, akafunga mlango kwa nje, huyo, akaondoa gari.

Nikapiga kelele. Nikagonga ule ukuta wa bati unaotutenga na dereva, nikagonga kwa viganja viwili, "Simamisha! Simamisha gari!" Mnajua kilichotokea? Mle nyuma walikuwamo akina mama wawili wa kambini waliokuja kumchukua marehemu, wakaniangalia kwa huruma, mmoja akanivuta kichwa akakilaza begani kwake, akaanza kunipigapiga mgongoni, "Mwihangane, mwihangane," vumilia, vumilia, halafu wakaanzisha wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa ili kunituliza. Kadiri nilivyogonga ndivyo walivyoimba. Dereva huko mbele anasikia vishindo na nyimbo, anasema moyoni maskini wana uchungu hao, anazidi kukanyaga mafuta.

Tukapita Mwanga sokoni hivyo hivyo, mafundi cherehani wanasimama kutoa heshima, na mimi kichwa kiko begani kwa mtu nisiyemjua.

Gari lilisimama Mwandiga, dereva anaongeza maji kwenye rejeta. Zakaria, aliyekuwa nyuma pamoja nasi, akagonga mlango ukafunguliwa. Hapo nilikuwa na nafasi yangu, mji uko nyuma tu pale, ningepanda baiskeli ningekuwa wodini kabla hawajamaliza chai. Nikainuka. Mama Konsolata akasema, na ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi:

"Nilikuwa naogopa watamzika kama mtu aliyeokotwa njiani. Kumbe hospitali imemtolea mtu wake amsindikize."

Nikabaki nimeinama mle garini, mguu mmoja nje. Ningemwambia nini? Kwamba hakuna aliyemtolea mtu, kwamba ni mlango tu ulifungwa? Nikasema, "Ndiyo, mama. Tumekuja." Nikarudisha mguu ndani, nikakaa. Na niseme ukweli, nilikaa kwa moyo wote, nikajiambia kama ni kusindikiza basi nitasindikiza mpaka mwisho, Matron nitamkabili baadaye. (Pale Mwandiga shangazi yangu alikuwa anauza samaki wa migebuka kando ya barabara. Aliniona. Sikumwona. Jioni habari ilishafika Kalinzi kwamba Leokadia ameonekana kwenye gari la maiti analia, na watu wakaanza kupeleka kuni za msiba kwa mama yangu, naye hajui amefiwa na nani.)

Kambini walikuwa wameshachimba. Watu wengi, maana Mwalimu alikuwa akifundisha watoto pale chini ya turubai kabla hajaugua. Walipoona gauni jeupe wakapisha njia, wakaniletea kiti, nikakalishwa mbele kabisa pamoja na katekista. Katekista akasali, Zakaria akasema machache, halafu nikasikia naitwa: "Na sasa mjumbe wa hospitali."

Nikasimama. Uso nimeukaza kama nilivyofundishwa. Nikawaambia jina langu, nikawaambia nilimuuguza Mwalimu, kwamba hakuwa peke yake alipoaga, mke wake alikuwa amemshika mkono na mimi nilikuwepo. Watu wakaguna kwa shukrani. Nikaona nimeweza, mambo yamekwenda vizuri, nesi wa mfano kabisa. Nikaombwa niweke udongo. Nikainama kuchota udongo, nikausogeza kaburini, nikainama tena kwa heshima zaidi (hiyo heshima ya ziada ndiyo iliyoniponza), na kutoka mfuko wa kifuani kwangu likachomoka fungu la funguo za wodi, likaenda likagonga juu ya jeneza, kwaa!

Nadhani hata watoto waliacha kukohoa. Kuna mtu nyuma akauliza kwa sauti, "Amemtupia nini?" Mwingine akasema, "Ni dawa." Mwingine, "Ni dawa gani ya chuma?" Minong'ono ikaanza kupanda, wengine wakarudi nyuma, na mimi nimesimama ukingoni mikono imejaa udongo, siwezi hata kusema. Kwa sababu wakati huo huo nilikuwa nimezitambua zile funguo. Zilikuwa za kabati la dawa kali za maumivu, na ufunguo mwingine wa kabati lile haukuwepo. Na wodini nilikuwa nimemwacha Zuhura, mtoto wa Ujiji aliyemwagikiwa na uji wa moto kifuani, ambaye mchana ule alitakiwa kusafishwa vidonda, na yule mtoto hasafishwi bila sindano.

"Ni funguo," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. "Ni funguo za wodi. Zimenidondoka. Nawaombeni mnisamehe, lazima nizipate."

Katekista akanitazama, akatazama kaburini. Zakaria akaanza kuvua viatu ili ashuke. Ndipo nikasikia sauti, nikageuka, nikaona mabega ya Mama Konsolata yanatikisika. Nikajua sasa nimemaliza, nimemliza mwanamke wa watu mbele ya kaburi la mumewe. Kumbe anacheka. Anacheka na machozi yanatiririka, yote kwa pamoja, ameziba mdomo na kitenge.

"Mwacheni sista," akasema. "Gaspari alikuwa anapoteza funguo za shule kila wiki. Kila wiki! Watoto wanamsubiri mlangoni." Halafu kile kicheko kikavunjika katikati, akaanza kulia kweli, kilio alichokibana tangu asubuhi, akaangukia kifuani kwangu. Na mimi, nesi chuma, nikalia naye. Nililia mpaka kofia ikaanguka. Zakaria akapanda kutoka kaburini, akanipa funguo, amezipangusa kwenye shati lake.

Sikusubiri chakula. Nilimwomba Mama Konsolata ruhusa, akaniachia mkono mwenyewe, nikaenda karibu na kukimbia mpaka getini kutafuta gari lolote linalokwenda Kigoma. Na getini ndiko nilikokutana na askari.

"Kibali chako?"

"Sina kibali, mimi si mkimbizi, ni nesi wa hospitali ya mjini."

Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini: sina kofia, macho mekundu, gauni limejaa udongo, mkononi funguo. "Hilo gauni umelitoa wapi?"

"Nimepewa kazini! Mimi Mtanzania wa Kalinzi!"

Watu wakaanza kukusanyika. Yule askari alikuwa mtu wa pwani, anaongea Kiswahili cha kuteleza, akatabasamu kama mwalimu aliyemkamata mwanafunzi. "Mtanzania eh? Haya, sema: lori limelala."

Jamani, mimi nimesoma. Nina cheti. Lakini nikiwa na hasira ulimi wangu unarudi Kalinzi wenyewe, hauniombi ruhusa. Nikavuta pumzi, nikasema kwa ujasiri wote:

"Rori rimerara."

Geti zima likaangua kicheko, wakimbizi kwa askari. Mzee mmoja wa Kirundi akanisogezea gogo, akaniambia kwa upole kama baba kwa mwanawe, "Kaa, mwana wanje. Hapa tunakaa tu." Nikakaa. Na pale kwenye gogo, nikiwa sina karatasi na neno langu halina thamani, nilielewa kidogo yale ambayo Mama Konsolata alikuwa akiyabeba kila siku, na sikuyapenda hata kidogo.

Nilipochoka kukaa nikasimama, nikamwambia yule askari kwamba mnicheke, mnifunge, lakini kuna mtoto ana kidonda wazi na dawa yake ninayo mimi, kwa hiyo piga redio ofisi ya shirika mjini, na kama hupigi niambie jina lako ili nimwambie mama yake. Sijui ni nini kilimgusa. Akaacha kutabasamu, akapiga. Na ikatoka sauti ambayo ningeitambua hata chini ya maji, ya Matron, maana alikuwa ameshafika katika ofisi hiyo kunitafuta, mlinzi wa hospitali alikuwa amemwambia aliniona napanda.

"Huyo ni wangu!" redio ikanguruma, kila mtu pale getini anasikia. "Mleteni! Na funguo zangu! Kama gari lina nafasi ya kimoja, leteni funguo kwanza!"

Walituleta sote wawili, mimi na funguo, jua likiwa linazama upande wa Kongo. Kabati walikuwa wamelivunja kwa nondo. Matron alinisimamisha katikati ya wodi, wenzangu wote wanaangalia, hata wagonjwa wamejiinua kwenye mito.

"Ulikwenda kuzika?"

"Ndiyo, Matron."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Alinishika mkono." Nikamnyooshea funguo. "Kwa funguo naomba radhi, na adhabu yoyote naipokea. Kwa mkono siombi radhi. Ulisema wamshike nani, Matron. Alinishika mimi."

Matron akazichukua funguo. Akanihukumu niende chumba cha nguo, nikakunje mashuka mpaka atakaponiambia basi, na nilikunja, jamani, nilikunja. Lakini kabla hata adhabu yangu haijaisha alitoa agizo kwamba kila familia iliyofiwa isindikizwe na nesi mpaka garini, na mwenzake apokee wodi kwanza. Hakunitaja. Wala sikuhitaji anitaje.

Jioni ile ile, kabla sijaenda kubadilisha gauni, nilikwenda kitandani kwa Zuhura. Alikuwa amelala, bandeji mpya kifuani, macho yamevimba. Mama yake hakuniitikia salamu mara moja.

"Alilia sana kabla hawajavunja hilo kabati," akasema. "Alikuwa anakuita wewe. Sista Leokadia, Sista Leokadia. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nazika mgonjwa wangu, mama."

Akaangalia udongo kwenye gauni langu. "Mungu amrehemu," akasema. Halafu, bila kunitazama, "Lakini wangu alikuwa hai."

Hakuna Matron duniani angenipiga kofi likaingia namna ile. Nilisimama pale mpaka akanisogezea nafasi ukingoni mwa kitanda, nikakaa.

Tangu siku ile nimewasindikiza waliofiwa wengi, sijui idadi, na sijawahi kuuchomoa mkono wangu kwa mtu. Nililiapia hilo na nimelishika. Ila kabla sijamfuata yule anayetoka analia, nageuka kwanza, natazama vitanda vyote, nauliza kwa sauti ya kusikika: nani anabaki na hawa? Na mpaka mtu ajibu kwa jina, mimi mlangoni sitoki.