Mtandio wa Bibi

Bibi yangu hakuvua mtandio hata tulipokuwa tukipalilia maharage kule Daa, jua likiwa utosini. Majirani, wengi wao watu wa kanisani, walidhani anaumwa kichwa. Mimi nilidhani ni baridi ya Karatu iliyomzoesha.

Siku moja mwalimu wa madrasa alitufundisha mavazi ya swala. Mwanamke muungwana, yaani asiye mtumwa, hufunika mwili wote, abakize uso na viganja. Kijakazi akiswali kichwa wazi, swala yake ni sahihi. Akasema hayo ni mambo ya zamani, tusihangaike nayo, akafungua ukurasa mwingine.

Jioni nilimsimulia Bibi, naye alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Najua," akasema. "Nilipokuwa mdogo kule pwani, mke wa bwana aliyeninunua alinikuta nimejitanda. Akanivua. Akasema mtandio ni wa binti zake, kitu cha kununuliwa kinajifunika nini?"

Akatupa kijiwe, akaendelea kuchambua. Nikakaa nikamsaidia.

Alifariki miaka ile ya uhaba, nikiwa mtu mzima. Bafta, kitambaa cheupe cha sanda, ilikuwa haionekani madukani. Mwoshaji alipima ile sanda tuliyoipata akaona haitoshi. Akasema kitambaa cha kichwa tukiache, kwa dharura inafaa.

Sikuwa nimelia tangu asubuhi, na hapo pia sikulia.

"Anza na kichwa," nikamwambia. "Miguuni weka hata nyasi."