Amina Katikati ya Gitaa

Watu walimwita Radi, na jina halikumwonea. Miaka kumi na mitano alipiga roki mpaka madirisha ya majirani yakatetemeka, na miaka hiyohiyo shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea tangu akiwa mchanga, hakuwa na la kusema juu ya lile gitaa isipokuwa, "Punguza kelele." Radi akaokoka, shangazi akashukuru. Lakini Radi alipomweleza kwamba akitaka kusali hasa hushika gitaa, kwa sababu maneno humwishia mapema, shangazi alimtazama kama anayetazama shati lenye mikono miwili ya kushoto.

"Sala ina maneno, baba. Hizo ni nyaya na umeme."

Jibu hilo lilimkaa rohoni. Shangazi ndiye aliyemfundisha kupiga magoti. Radi alitaka akubali, walau mara moja, kwamba gitaa nalo lilikuwa likisali. Basi akatunga wimbo, nusu roki nusu kwaya, akambembeleza mpaka akaja studio na wenzake wawili wa kwaya: mama mmoja mwenye mapacha na bibi mmoja mwenye sauti nzito kuliko wanaume. Shangazi alitoa sharti moja tu, kwamba warudi mapema, maana sare za shule zilikuwa zinamsubiri mezani.

Studio ilikuwa chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, magodoro yamepigiliwa ukutani. Wakavalishwa spika za masikioni juu ya vilemba. Radi aliimba beti mbili, wakamwitikia kwa sauti za kumtoa nyoka pangoni. Kisha ikafika zamu ya gitaa peke yake, nusu dakika aliyoihangaikia miezi mitatu.

"Ameeen!" akapaza shangazi.

"Eeh, Bwana!" akaunga bibi.

"Acheni!" alisema Radi. "Shangazi, hapo mnanyamaza. Ni gitaa tu."

"Haya, baba. Tumesikia."

Hawakusikia. Mara ya pili mama wa mapacha aliongeza makofi. Mara ya tano bibi alilia kabisa. Fundi mitambo, nyuma ya kioo, alisema amina zimeingia mpaka kwenye maikrofoni ya gitaa, na yeye hana mkasi wa kuzitoa. Radi alihisi kichwa kinataka kupasuka. Watu wazima watatu, jambo moja dogo!

"Jamani, kunyamaza kuna ugumu gani?" alifoka mara ya saba. "Sikio la kufa halisikii dawa!"

Msemo huo alikuwa amefundishwa na shangazi mwenyewe, kwa fimbo. Shangazi alitoa leso, akaikunja mara nne, akaiuma kwa meno. Wenzake wakaziba midomo kwa viganja.

Gitaa likapanda. Safari hii hakuna aliyepumua. Radi alipiga, akapiga, akajiona kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamo ndani. Vidole vikapoteza njia. Akaacha katikati, hasira zimemjaa.

"Sasa mbona hamjibu?"

Shangazi akaitema leso. Naye sasa uvumilivu ulikuwa umemwisha.

"Una wazimu wewe? Si umetukataza?"

"Kwani mlikuwa mnaitikia nini? Pale hakuna maneno!"

"Sasa mtu anasali, mimi nimwache peke yake?" alisema shangazi. "Nimekulea mwenyewe. Sauti yako ukisali naijua. Haya, piga, sare za watoto zinanisubiri."

Radi akageukia godoro la ukutani, akakaza uzi wa gitaa ambao haukuwa umelegea. Alichukua muda mrefu kuukaza.

"Kaka," fundi mitambo aliuliza, amechoka, "amina zinatoka au zinabaki?"

"Zinabaki," alisema Radi bila kugeuka. "Na usiwapunguze sauti."